Siku ya dawa za kichocho shuleni: uji, vidonge, na mtoto mwenye kifafa

MwalimuAfya_Kyela
Habari zenu wadau. Wiki ijayo tuna kingatiba, yaani kuwapa watoto wote dawa, ya kichocho na minyoo, shule ya msingi ya serikali, wanafunzi 420. Wazazi wanahofia watoto kutapika na kuanguka. Shule ya binafsi jirani nayo inasema haihitaji, maana ina nesi wake na wazazi hununua dawa ya minyoo dukani. Naomba utaratibu unaoeleweka.

Nesi_wa_Zahanati
Pole na majukumu, mwalimu. Kuzidiwa kwingi siku hiyo kunatokana na njaa. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ikikuta tumbo tupu huleta kichefuchefu, kizunguzungu na tumbo kusokota, tena zaidi kwa mtoto mwenye kichocho kingi. Kwa hiyo uji kwanza. Kwa watoto 420, kikombe cha mililita 300 kila mmoja, ni lita 126, yaani unga kama kilo 13. Wanaotoka mbali waambieni wazazi wawafungie ndizi za kuchemsha au kiporo cha wali. Maji ya kumezea, safi na salama, tengeni ndoo sita za lita 20.

Kipimo cha prazikwanteli hutokana na urefu, si darasa. Simamisheni mtoto bila viatu, visigino viguse ukuta. Sentimita 94 hadi chini ya 110 anameza kidonge 1 cha miligramu 600, kuanzia 110, kimoja na nusu, 125, viwili, 138, viwili na nusu, 150, vitatu, 160, vinne. Fimbo ya kupimia urefu ikisimamishwa juu ya kifusi au kwenye mteremko, vipimo vyote vinaharibika, na hilo hutokea sana. Albendazoli, dawa ya minyoo, ni kidonge kimoja cha miligramu 400 kwa kila mmoja, na kinatafunika. Prazikwanteli ni chungu mno, imezwe upesi. Asiyeweza kumeza asagiwe. Msimbane mtoto pua wala kumlazimisha akiwa analia, kidonge kinaweza kumpalia.

Mdau_Rungwe
Naongeza jambo ambalo huku kwetu halipaswi kusahaulika: kifafa. Nyanda za Juu Kusini tunafuga nguruwe sana, na wakizurura penye vyoo duni, tegu la nguruwe linasambaa. Mayai yake yakimwingia mtu, vifuko vya tegu hilo vinaweza kujengeka hata kwenye ubongo. Prazikwanteli ikivishambulia, mtoto anaweza kupata degedege. Kabla ya foleni, ulizeni wazazi kwa maandishi: amewahi kuanguka kifafa? Anayetajwa asimeze shuleni, apelekwe zahanati kwanza. Mwenye homa au aliye mgonjwa siku hiyo naye asubiri.

Kuhusu shule ya binafsi, mwambie mkuu wake hivi: albendazoli ya dukani inaua minyoo ya utumbo. Minyoo ya kichocho inaishi ndani ya mishipa ya damu, dawa hiyo haiiui. Mtoto wa basi la njano anayeogelea Ziwa Nyasa Jumamosi anaingia maji yale yale na mwenzake. Kingatiba ni bure kwa shule zote mbili. Nesi wao akaribishwe kupima na kuandika rejesta, hapo atasaidia kweli.

Nesi_wa_Zahanati
Umenena vema. Mwalimu, tengeni pia chumba cha mapumziko upande usioonekana na foleni. Mtoto mmoja akitapika mbele ya wenzake, kumi watalalamika tumbo papo hapo. Anayezidiwa alale ubavu, na akitulia apewe maji kidogo kidogo. Kwa kawaida hali inaisha ndani ya saa chache. Ikizidi, au akipata degedege, zahanati mara moja. Wote wakae shuleni walau saa mbili baada ya kumeza, wasiende nyumbani peke yao.

MwalimuAfya_Kyela
Asanteni sana. Na watoro wa siku hiyo?

Nesi_wa_Zahanati
Waandikeni majina, wameze wiki hiyo hiyo mbele ya mhudumu wa afya, nao wakiwa wameshakula. Vidonge vinavyobaki vihesabiwe na kurudishwa zahanati, visilale kabatini. Na mtoto anayekojoa damu asingoje tarehe ya kingatiba, aje kesho.