Naomba ushauri: mafuta ya samaki yanamsumbua mtoto aliyechelewa kuongea

Habari zenu ndugu wazazi. Mwanangu ana miaka 3 na miezi 2, maneno yake hayazidi 15 na bado haunganishi mawili. Masikio yamepimwa, anasikia vizuri, na mazoezi ya kuongea anahudhuria kila wiki.

Wiki 3 zilizopita nilimwanzishia mafuta ya samaki, kijiko kimoja cha chai asubuhi, baada ya mama mmoja kuyasifia sana kwa watoto waliochelewa kuongea. Tangu siku ya nne anapata choo laini mara 3 hadi 4 kwa siku, anacheua harufu ya samaki, na usiku anagaagaa tu kitandani. Nilipoanza kumpa akiwa ameshiba, kucheua kulipungua. Nikashusha hadi nusu kijiko, tumbo bado. Jana nimeacha kabisa.

Kinachonitia hofu zaidi ni lebo. Kumbe ni mafuta ya ini la samaki, yana vitamini A na D, na mtoto tayari anatumia sirapu yenye vitamini hizo hizo. Vitamini A ikizidi hujilimbikiza mwilini na inaweza kudhuru ini, na mimi nimempa zote mbili kwa wiki 3! Nitampeleka kwa daktari kesho na chupa zote.

Waliopitia hili, tumbo lilitulia baada ya siku ngapi mlipoacha? Na wataalamu, kuna haja ya kujaribu omega-3 (aina ya mafuta yaliyomo kwenye samaki) isiyo na vitamini A, au niachane nayo nitie nguvu kwenye mazoezi?