Kikundi cha majirani: Baraza la PIP la Bi Rukia

Bi Rukia: Assalaam alaykum wanangu. Barua ya baraza la rufaa imefika, ile rufaa yangu ya PIP, pesa ya serikali ya Uingereza kwa wenye ulemavu. Ni Alhamisi, wiki tatu kutoka sasa, saa nne asubuhi, ana kwa ana. Uamuzi wa DWP, idara ya serikali inayotoa pesa hiyo, ulinipa pointi 4 za maisha ya kila siku na 4 za kutembea, kwa hiyo sikupata kitu. Baridi yabisi ya mikono na magoti mnaijua. Nijiandae vipi?

Mama Nuru: Wa alaykum salaam, shikamoo Bi Rukia. Umefanya vyema kuomba ana kwa ana. Wakiamua kwa karatasi tu, watakuona kama alivyokuandika mkaguzi aliyekupima kwa ajili ya DWP. Utakaa mbele ya watu watatu: jaji, daktari, na mtu mwenye ujuzi wa ulemavu. Hao si watu wa DWP. DWP wanaweza kutuma mwakilishi, ila mara nyingi hawaji.

Bi Rukia: Marahaba mwanangu.

Idrisa: Shikamoo Bi Rukia. Tuanze na hesabu. Kiwango cha kawaida ni pointi 8, cha juu ni 12. Pande mbili zinahesabiwa mbalimbali, 4 za huku haziungani na 4 za kule. Kwa hiyo unahitaji 4 zaidi kwa kila upande.

Idrisa: Na hili lishikeni nyote: maumivu yenyewe hayana pointi. Ukisema "naumwa sana, silali", watakusikitikia na hawatakuwa na pa kuandika namba. Pointi zinatoka kwenye kazi 12: 10 za maisha ya kila siku (kupika, kula, dawa, kuoga, choo, kuvaa, kuzungumza, kusoma, kukaa na watu, kupanga fedha) na 2 za kutembea na safari. Kila uchungu upeleke kwenye kazi yake.

Salma: Wasiwasi wangu ni mama akiulizwa "unapika?" atajibu "napika". Hapendi kuonekana hajiwezi.

Mama Nuru: Hapo ndipo kesi nyingi za maumivu zinapopotea, Salma. Kisheria hahesabiwi kuwa anaweza kazi mpaka aweze kuifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kila mara inapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule wa juu kabisa ambao mtu asiye na maradhi hayo angeutumia. Likikosekana moja kati ya hayo manne, hawezi.

Mama Nuru: Bi Rukia, usijibu "ndiyo" wala "hapana". Eleza kazi inavyokwenda: unaanzaje, unakwama wapi, nani anamalizia, baadaye hali yako ikoje. Kwa mfano: "Namenya viazi viwili vidole vinakaza, Salma anamalizia. Sufuria yenye maji siinui kwa sababu vidole vinaachia ghafla. Nasonga nikiwa nimekaa kwenye stuli, halafu mikono haishiki kitu mpaka jioni." Sema yaliyo kweli kwako tu. Daktari wa baraza anajua yabisi inavyofanya, ukiongeza chumvi atajua.

Bi Rukia: Na pilau la watu wengi? Hilo nimeacha kabisa.

Idrisa: Hawaulizi pilau. Wanapima chakula cha sahani moja kwa mtu mmoja, kwa vitu vibichi, kwenye jiko la usawa wa kiuno au juu yake. Kuinama kwenye oveni ya chini hakuhesabiwi, usipoteze muda hapo.

Salma: Kaka Idrisa, tuwekee hesabu ilivyo kwa mama. Kupika natumia muda mwingi kumsaidia. Kuoga hawezi kupanda beseni bila kushikwa. Suruali na soksi namvalisha mimi. Chooni ana kiti cha kuinulia na vishikio.

Idrisa: Sawa.
Kupika: akihitaji kifaa ni 2, akihitaji mtu wa kumsaidia au kumsimamia ni 4.
Kuoga: msaada wa kuingia na kutoka kwenye beseni au shawa ya kawaida ni 3.
Kuvaa: msaada wa sehemu ya chini ya mwili ni 2.
Choo: kifaa ni 2.
Dawa: kisanduku cha vidonge kama anakihitaji ni 1.
Kila kazi wanachukua mstari mmoja tu, wenye pointi nyingi unaomhusu. Hata wakimpa 2 za kupika badala ya 4 anafika 10. Wakimpa 4 anafika 12.

Mama Nuru: Angalizo la kuvaa: msiandike "anakaa kitandani kuvaa" mkategemea pointi ya kifaa. Kitanda hakikubaliki kuwa kifaa. Shikeni msaada wako wewe, Salma, na mtaje ni nguo gani.

Salma: Na kutembea?

Idrisa: Ni mita. Zaidi ya 200, pointi 0. Zaidi ya 50 hadi 200, pointi 4, ndipo walipomweka. Zaidi ya 20 hadi 50 bila kifaa ni 8, kwa mkongojo ni 10. Isiyozidi 20 ni 12. Nendeni nje na futi ya kupimia, kutoka mlangoni mpaka anaposimama mara ya kwanza. Andikeni mita, dakika, amesimama mara ngapi, na amepumzika muda gani kabla ya kuweza kwenda tena umbali uleule. Hilo la mwisho lina uzito sana. Mtu anayefika mita 60 mara moja kisha asinyanyuke mpaka alasiri hawezi mita 60 kwa kurudia. Asijilazimishe siku ya kupima, mwendo wake wa kawaida unatosha.

Bi Rukia: Kuna siku naamka nafuu kidogo. Nikisema hivyo si nitajiharibia?

Mama Nuru: Hapana, sema. Kanuni ni zaidi ya nusu ya siku. Ukiwa na siku mbili nafuu kwa wiki na tano ngumu, umevuka nusu. Wanaoapa kuwa kila siku ni sawa ndio wasioaminiwa. Vilevile, mikono ikikaza asubuhi mpaka saa tano, na asubuhi ndiyo saa ya kuoga na kuvaa, siku hiyo inahesabika hata kama mchana inalegea.

Mama Nuru: Andikeni daftari la wiki mbili. Kila siku mistari minne mitano: kazi gani, saa ngapi, nani alisaidia, baadaye ikawaje. Msiandike "leo maumivu 9 kwa 10" peke yake.

Idrisa: Jambo ambalo wengi hawalijui: baraza linaangalia hali ilivyokuwa siku ya uamuzi wa DWP, si ya leo. Ushahidi mpya unakubalika ukieleza hali ya wakati ule. Kwa hiyo kwenye barua ya Salma aandike hali ilivyokuwa mwezi ule. Kama magoti yamezidi kuharibika baada ya hapo, hilo linahitaji dai jipya, ulizeni mshauri kabla.

Salma: Jalada la DWP tunalo, kubwa kweli. Tulisome lote?

Idrisa: Tafuta ripoti ya mkaguzi, kurasa zina namba. Andika karatasi moja, mbili zikizidi: "Ukurasa fulani anasema alikaa dakika 40 bila shida. Alikuwa amemeza dawa kabla, alihama upande kila mara, na kunyanyuka alishikwa mkono." Usimtukane mkaguzi, sahihisha tu. Ambatisha barua za kliniki ya yabisi, orodha ya dawa kutoka kwa GP (daktari wake wa kawaida), na barua yako. Tuma sasa, daftari lifuate mara likiisha, usisubiri siku yenyewe. Ukiwapa karatasi mpya mlangoni wanaweza kuahirisha.

Bi Rukia: Kiingereza changu si cha mahakamani. Salma atanitafsiria?

Mama Nuru: Hapana Bi Rukia, mkalimani analetwa na baraza, bure. Salma akae kama shahidi na mtu wa kukutuliza. Kesho asubuhi pigeni namba iliyo kwenye barua, ombeni mkalimani wa Kiswahili na mseme ni cha pwani, si cha Kongo, mpate mtakayeelewana. Humohumo ombeni kiti chenye mikono, ruhusa ya kusimama, na mapumziko. Nauli inarudishwa, ila teksi lazima waikubali kabla.

Mama Nuru: Siku yenyewe jaji akikuuliza habari, usimwambie "alhamdulillah, salama". Najua ndivyo tulivyolelewa. Mwambie "leo magoti yanauma, nimekuja na teksi". Wataangalia ulivyoingia na ulivyokaa. Usinyamazishe maumivu, ukihitaji kusimama simama. Wanaweza kuuliza unaswalije, na wajukuu unawabeba au la. Kama unaswali umekaa kwenye kiti, sema.

Bi Rukia: Mambo ya choo mbele ya wanaume nitasema nini?

Mama Nuru: Utasema kama unavyomwambia daktari. Kwa kuwa mkalimani bado hajapangwa, ombeni awe mwanamke, na kwa upande wa baraza waambieni mapema kuwa una haya. Ukishindwa kabisa, yaandike kwenye barua, kisha useme "nimeandika kwenye ukurasa huo". Pointi 2 hizo usiziache.

Salma: Wanaweza kutupunguzia?

Idrisa: Wanaweza kuangalia pointi zote upya, hata zile alizonazo. Kwa kuwa kwa sasa hapokei kitu, hana cha kupoteza. Wenye malipo tayari ndio wanaotakiwa kupata ushauri kwanza. Wakiona hatari huwa wanaonya.

Idrisa: Majibu mnaweza kupewa siku hiyohiyo au kwa posta. Mkishindwa, ombeni maelezo ya maandishi ya sababu ndani ya mwezi mmoja. Bila hayo ni vigumu kwenda baraza la juu, nalo linasikiliza makosa ya sheria tu.

Bi Rukia: Nimeelewa. Salma, njoo na futi kesho baada ya kupiga simu.

Salma: Nakuja mama. Nitaleta na daftari.