Kepteni kamzaba kofi namba sita wetu uwanjani, viongozi wamemfungia dogo peke yake. Hapa wa kulaumiwa nani?

Mwisho wa Reli

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni. Nina jambo limenikaa kooni tangu Jumapili na kijiweni tumeshindwa kuelewana kabisa, kuna watu wawili mpaka leo hawasalimiani kwa ajili yake, ndo maana nalileta huku.

Sisi hapa Kigoma tuna timu yetu ya mtaa, jina naliacha kwa sababu naipenda na sitaki kuianika. Jumapili tulikuwa nusu fainali ya ndondo, uwanja vumbi, watu wamejaa mpaka wengine wako juu ya ukuta wa jirani. Tunaongoza 1-0. Dakika ya sabini hivi ikapigwa kona, namba sita wetu, dogo wa miaka 19, akamwacha mtu wake, jamaa akaruka peke yake kama yuko mazoezini, 1-1. Sasa kepteni, ambaye ni beki wa kati, mtu mzima ana thelathini na kidogo, anaichezea hii timu tangu mimi niko sekondari, akamfuata dogo pale pale ndani ya boksi, mpira uko wavuni hata kipa hajauokota, akaanza kumtolea maneno. Mi nilikuwa nyuma ya goli, hatua kama sita, sijasimuliwa. Alimwambia "unalala uwanjani kama ulivyokuwa unalala darasani, ndo maana uliishia la saba". Mtaa mzima unajua dogo aliishia la saba na tunajua pia kwa nini, baba yake alifariki mwaka ule na yeye ndo mkubwa kwao.

Dogo akamsukuma kifuani kwa mikono miwili. Kepteni akamzaba kofi, lile la kiganja kizima, jasho likaruka. Dogo akarudisha ngumi, wakashikana jezi, mpaka wachezaji wa timu pinzani ndo wakaja kuwaachanisha, wetu wamesimama wanaangalia. Refa hata hakwenda kwa mshika kibendera, nyekundu mbili. Tukabaki tisa, tukafungwa 3-1.

Jumatatu viongozi wakakaa. Dogo kafungiwa msimu mzima kwa kukosa nidhamu mbele ya nahodha. Kepteni kaambiwa aombe radhi kwenye grupu la WhatsApp, akaandika sentensi mbili, yakaisha, kitambaa anacho bado. Hoja yao ni moja tu, dogo ndo aligusa kwanza.

Mimi roho inaniuma ila sitaki kuongea kwa mapenzi tu. Ni kweli alimwacha mtu na ni kweli alisukuma kwanza. Wa kulaumiwa hapo nani, dogo, kepteni, kocha au viongozi? Na timu zinazojielewa huwa zinafanyaje?

Kibirizi Damu

Dogo kakosea, tusizunguke. Nimecheza namba tano miaka minane kwenye hizi timu za mchangani, mkubwa akikusema uwanjani unainamisha kichwa unarudi kwenye nafasi yako, kama kakuonea mnamalizana nje. Ukishamsukuma nahodha kifuani mbele za watu umemvua nguo, na kesho nani atamsikiliza? Watu wanachukulia kadi ni kitu kidogo. Hapa hapa kwetu 25 Julai 2021, fainali ya kombe la shirikisho pale Lake Tanganyika, Mukoko Tonombe alilambwa nyekundu kipindi cha kwanza, Yanga wakabaki kumi, Simba wakaja kushinda 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Nilikuwa uwanjani siku ile, niliona watu wazima wamekaa chini kwenye majani hawataki kuondoka. Kadi moja tu ile. Nyie mmekula mbili kwa mpigo, na kwenye kona ambayo dogo mwenyewe ndo kaachia mtu.

Kunguru wa Ujiji

Kibirizi nakuheshimu kaka ila hapo umeliangalia kwa jicho moja. Mi ni shabiki wa Newcastle ya England tangu enzi za Shearer na hili jambo nimeliishi kabla yenu, ngoja niwape kisa chote maana watu wanakitaja kama kichekesho na sisi kilituuma.

Ilikuwa 2 Aprili 2005, nyumbani St James' Park, Aston Villa. Siku moja kabla, Shearer alitangaza kwamba hastaafu, anaongeza mwaka, kwa hiyo mji mzima uko kwenye furaha. Mechi ikaanza wakatufunga mapema. Kipindi cha pili Steven Taylor akaushika mpira kwenye mstari, nyekundu, penati. Wakapata penati nyingine, Gareth Barry kafunga zote, 3-0. Hapo ndo watu wawili wa kwetu, Lee Bowyer na Kieron Dyer, wakaanza kuzichapa katikati ya uwanja, jezi ya Bowyer ikachanika mbele yote. Na kisa, kwa walivyokuja kusimulia wenyewe, ni pasi. Bowyer anadai hapewi mpira, Dyer kamjibu vibaya. Huyo huyo Barry wa Villa ndo alikuja kumkumbatia Bowyer kwa nyuma na kumvuta, kama nyie tu mlivyoachanishwa na wapinzani. Refa akawapa wote wawili nyekundu, tukamaliza nane.

Sasa angalieni uongozi ulivyofanya. Shearer, nahodha, aliwawakia wote wawili kwenye chumba cha kubadilishia nguo, hakuchagua. Kocha Graeme Souness akaenda mbele ya waandishi wa habari akawaketisha Bowyer na Dyer pembeni yake, mmoja huku mmoja huku, wakaomba radhi kwa midomo yao siku ile ile. Klabu ikamkata Bowyer mshahara wa wiki sita kwa sababu ndo aliyeanzisha. Chama cha soka nacho kikaongeza, Bowyer jumla akakaa nje mechi 7, Dyer 3. Wote walionja, aliyeanzisha akaonja zaidi, na hakuna aliyeuliza nani mkubwa kwa nani.

Na bado haikutosha, hilo ndo nataka mlishike. Katikati ya mwezi ule ule Sporting wakatupiga 4-1 kule Lisbon tukatoka Kombe la UEFA, siku tatu baadaye Manchester United wakatupiga 4-1 nyingine nusu fainali ya FA, ligi tukamaliza wa 14. Adhabu ilikuwa sahihi, ila timu ilishaoza ndani kabla ya zile ngumi. Kwa hiyo Mwisho wa Reli mdogo wangu, usiishie kuuliza nani alisukuma kwanza. Uliza kabla ya Jumapili hao wawili walikuwa wanaongea?

Filimbi Tatu

Nachezesha mechi hizi za wilaya kwa hiyo niseme upande wa sheria tu. Kumpiga mwenzako wa timu moja ni sawasawa na kumpiga mpinzani, nyekundu ya moja kwa moja, refa wenu kapatia. Na mshukuru mpira ulishaingia wavuni. Kama ungekuwa bado unachezwa na mambo hayo yametokea ndani ya boksi lenu, tangu sheria zilivyobadilishwa 2016 inaweza kuwa penati dhidi yenu wenyewe, wachezaji wengi hawalijui hili.

Ila kuna kitu viongozi wenu wamekiruka. Sheria ya 12 inasema lugha ya matusi au ya kudhalilisha nayo ni nyekundu, na haisemi lazima umtukane mpinzani. Yale maneno ya darasa la saba, kama mwenzangu aliyasikia, alikuwa na haki ya kumtoa kepteni kabla dogo hajainua mkono. Kwa hiyo, hoja hiyo ya "aligusa kwanza" haisimami. Aliyekosa kwanza ni aliyefungua mdomo.

Kibirizi Damu

Filimbi hapo kwenye lugha sikuwa najua, nimekubali. Ila swali langu liko pale pale, kepteni akaripie vipi sasa? Mpira hauchezwi kwa kubembelezana.

Toffee wa Gungu

Kukaripia ni kukaripia mpira, kaka Kibirizi. "Umemwacha mtu wako, kaa naye" hiyo ni karipio. Kumfufulia mtu msiba wa nyumbani kwao siyo karipio.

Mi ni Everton na yetu ni ya juzi juzi, 24 Novemba 2025, Old Trafford kwa Manchester United. Dakika ya 13 Idrissa Gueye na Michael Keane, wote wa kwetu, wakaanza kulaumiana baada ya mpira kupotezwa kwenye eneo letu, Bruno Fernandes wa United akapiga nje, maneno yakazidi, Gueye akamzaba Keane kofi la uso. Nyekundu. Na Coleman, nahodha wa klabu, alishatoka ameumia dakika chache nyuma, kwa hiyo ukisema timu haina kichwa uwanjani ndo ile sasa. Lakini hebu rudieni ile video muangalie Pickford. Alitoka golini akaja kumshika Gueye, anamsukuma kinyumenyume taratibu, anaongea naye usoni, Ndiaye naye kaja upande wa pili akamchukua. Hawakusimama kuangalia. Tukacheza kumi zaidi ya saa nzima, Dewsbury-Hall akafunga dakika ya 29, tukashinda 1-0. Gueye akaomba radhi kwa wenzake chumbani, akaandika hadharani pia, na Gueye ni mkubwa pale, hakusema mimi mkongwe.

Mwisho wa Reli umeandika mstari mmoja umenikaa, "wetu wamesimama wanaangalia". Tisa wamesimama! Hapo hata kofi lenyewe kwangu ni dogo. Watu tisa waliogopa kumgusa kepteni au walikuwa wamemchoka, moja kati ya hayo, na kocha alitakiwa ajue ni lipi kabla ya nusu fainali.

Simba wa Teranga

Mnasahau Sadio Mané. Aprili 2023 Bayern ya Ujerumani wamepigwa 3-0 na Manchester City, chumbani Mané akampiga mwenzake Sané mdomoni. Mané ndo staa mkubwa kasajiliwa msimu ule, mshindi wa AFCON, Bayern wakamtoa kwenye kikosi mechi ya Hoffenheim na faini juu. Mi nampenda Mané kuliko mchezaji yeyote na niliumia, ila walifanya sawa. Ukubwa wa jina haukumkinga.

Mama Dagaa

Habari zenu wanangu. Mimi mpira siujui sana ila naanika dagaa hapa mwaloni na nadhani huyo kijana namfahamu, jina silitaji. Kama ndo yeye, Jumapili asubuhi saa kumi na mbili nilimpokea ndoo zake mwenyewe. Alikuwa ametoka ziwani, usiku kucha wamevuta wavu kwa taa, viganja vimechanika na kamba mpaka nikampa mafuta ya mawese apake. Nikamwambia nenda kalale mwanangu, akasema mama leo tuna mechi. Saa nne akawa anafua jezi.

Hizo zilikuwa siku za mwisho za giza, mbalamwezi ikishaingia hawaendi, ndo maana hakuna anayekubali kuacha usiku hata mmoja. Sasa mtu ambaye hajafumba jicho anaambiwa analala uwanjani. Na huyo nahodha kama ni ninayemdhani, naye amekulia hapa hapa mwaloni, anajua kabisa. Kumpiga mkubwa ni vibaya na nitamwambia. Ila naomba muulize kocha wenu kama alimtazama usoni kabla hajampa jezi.

Mwisho wa Reli

Mama shikamoo. Ndo yeye. Hilo la ziwani sikulijua, na kusema kweli nimelisoma nikakaa kimya muda mrefu, maana hata mimi nyuma ya goli nilipiga kelele "we sita amka".

Nimempigia kocha saa hii. Anasema dogo alimwambia yuko fiti na benchi alikuwepo namba sita mwingine ila hakumwamini kwa mechi kubwa. Nimemuuliza kama kepteni na dogo walikuwa wanaongea, Kunguru, akanyamaza afu akasema tangu ile ela ya jezi mpya ichangishwe dogo akachelewa kutoa, kepteni alikuwa anamsema kila mazoezi mbele ya wenzake. Kocha alisikia mara zote hizo. Aliona ni utani wa timu.

Kunguru wa Ujiji

Basi ndo hapo mdogo wangu. Kocha anaingia kwenye hesabu.

Kibirizi Damu

Mama Dagaa shikamoo, na mimi nimekuelewa. Nilivua miaka miwili kabla ya kuhamia bodaboda, najua macho yanavyokuwa asubuhi ile. Bado nasema dogo aombe radhi kwa kumsukuma mkubwa na akae nje mechi kadhaa. Ila msimu mzima hapana, na kepteni kitambaa avue. Huyo nahodha sikumjua, nilikuwa namtetea nahodha ninayemjua mimi.

Mwisho wa Reli

Nimeongea na wanachama saba tumekubaliana kuomba kikao kirudiwe. Tutakachopeleka ni hiki, wote wawili mechi sawa nje, kepteni aongeze moja kwa maneno aliyotoa kama Filimbi alivyoeleza, kitambaa apewe kipa mpaka msimu uishe, na radhi ziombwe uwanjani wamesimama wanaangaliana, siyo WhatsApp. Dogo naye amwombe kepteni. Na kocha aeleze mbele ya wote kwa nini alinyamaza. Ile ela ya jezi iliyobaki ya dogo ni elfu nane, tumeshaichanga sisi saba.

Kikao ni Alhamisi saa moja jioni. Mwenyekiti alisema wavuvi huwa hawapatikani jioni kwa hiyo tuongee bila dogo. Nimemwambia Alhamisi mbalamwezi itakuwa imeshaingia, mitumbwi yote iko juu ya mchanga, dogo atakuwepo.