Tupeane uzoefu: ulijuaje hisa ya kampuni ya teknolojia imefikia bei ya kununua?

Mnunuzi wa Kibaigwa:
Wakuu, salaam. Kazi yangu ni mahindi hapa Kibaigwa. Mavuno yakikolea bei inashuka, najaza stoo, najua ikifika Januari watayatafuta. Kwa akili hiyohiyo nikanunua hisa za kampuni moja ya simu pale Soko la Hisa la Dar es Salaam, kisa zimeshuka. Zikaendelea kushuka, na gawio, yaani mgao wa faida kwa wenye hisa, sikuliona. Mahindi yana msimu, faida ya kampuni haina. Nilipima bei ilikotoka, sikupima kampuni inaingiza nini.

Siku hizi kabla sijampigia dalali naigawa bei kwa faida ya mwaka ya hisa moja, naandika nyuma ya kitabu cha risiti. Hisa ya shilingi 600 yenye faida ya shilingi 20 inatoa 30: miaka thelathini ya faida ileile ndipo ifikie ulicholipa. Hiyo naiacha. Ninyi mnapimaje?

Binti wa Area C:
Kaka, yangu inaniuma mpaka leo. Novemba 2022 hisa ya Meta, kampuni yenye Facebook na WhatsApp, ilishuka chini ya dola 90, wakati Septemba 2021 ilipita 380. Kaka yangu yuko Marekani, akanipigia usiku tuchange hela. Nikamuuliza, kwani watu wameacha WhatsApp? Ofisini kwetu hapa Dodoma hata kikao kinaitishwa kwenye grupu. Wengi waliogopa mabilioni yaliyokuwa yanamwagwa kwenye metavasi, ile dunia ya mtandaoni unayoingia kwa kuvaa miwani maalumu, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini mwaka huo faida ilifika karibu dola 8.6 kwa hisa. Gawanya, unapata kama 10. Nikasema tusubiri ifike 80. Haikufika. Kaka alinunua peke yake.

Fundi Simu Singida:
Juni 2024 niliona hisa ya NVIDIA, watengenezaji wa chipu za kompyuta, imetoka zaidi ya dola 1,200 hadi 120 na kitu, nikamwamsha mke wangu. Kumbe kila hisa imegawanywa kuwa 10, kampuni ni ileile. Sasa nikiambiwa hisa fulani ni rahisi, nauliza kwanza ziko ngapi.

Mnunuzi wa Kibaigwa:
Dada, hiyo 80 uliipataje? Uliigawa kwa faida?

Binti wa Area C:
Hapana, kaka. Niliona tu 90 imekaribia 80. Sikuigawa kwa chochote.