Mjadala: Parokia ikishajua kwa nini mtu ni maskini, inyamaze?

Mleta mada

Tumsifu Yesu Kristo. Naleta swali ambalo halmashauri nyingi za parokia hulisogeza hadi kikao kijacho, kisha kijacho tena. Tukishamsaidia maskini, tuna wajibu wa kusema juu ya kilichomfikisha hapo? Au hiyo ni siasa, na kazi yetu inaishia mlangoni pa stoo ya misaada?

Msimamo wangu nauweka wazi, anayetaka kuupinga aupinge. Wajibu huo upo, na unazaliwa na kazi yenyewe ya huruma. Wanaotembelea kaya wanajua mambo ambayo hayamo kwenye faili la ofisi yoyote. Wanamjua mwajiri anayelipa nusu mshahara na kuahidi nusu nyingine mwezi usiofika. Wanajua familia zipi zimepewa notisi ya kuhama wakati mgonjwa yumo ndani, na mjane yupi anafukuzwa na ndugu wa marehemu katika nyumba aliyoijenga pamoja naye. Mtu akiyaona hayo mwaka mzima kwa macho yake amekuwa shahidi, apende asipende. Shahidi akinyamaza, yuko anayefaidika na ukimya wake.

Mafundisho yenyewe ni ya zamani. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika hati yake ya Novemba 1965 kuhusu utume wa walei (waumini wasio mapadre wala watawa), namba 8, unataka madai ya haki yatimizwe kwanza, tusije tukatoa kama zawadi ya upendo kile ambacho mtu anastahili kwa haki. Unataka pia tuondoe visababishi vya maovu, tusihangaike na matokeo yake tu. Hebu tuliweke hilo kwenye foleni yetu ya misaada. Kibarua aliyedhulumiwa ujira anakuja kwetu, tunampa kifurushi, tunakiita sadaka. Kwa hakika tumelipa deni la mwajiri wake. Mwajiri kabaki na fedha, sisi tumepata shukrani, na kibarua kaongezewa aibu ya kusimama foleni. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Zimefika na kwetu.

Kupaza sauti si lazima iwe maandamano. Inaweza kuwa barua ya halmashauri kwa mamlaka ya mji, semina ya haki za wafanyakazi baada ya Misa, mwanasheria muumini anayejitolea siku moja kwa wiki, au mtu wa kumsindikiza kibarua hadi kwenye ofisi ya kazi ili asiogope kaunta.

Katekista mstaafu

Mleta mada, milele amina. Nakupinga kwa upendo. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake wa kwanza wa 2005, namba 28, amesema wazi kwamba Kanisa haliwezi wala halipaswi kujitwalia mapambano ya kisiasa, wala kushika nafasi ya dola. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 287, inawazuia makleri, yaani wenye daraja takatifu kama mapadre, kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa na uongozi wa vyama vya wafanyakazi. Waliotunga hayo walijua historia.

Kuna jambo lingine ambalo vijana hawalioni. Paroko huhamishwa. Anakuja mwenye moto, anahubiri juu ya ardhi na mishahara, anaandika barua, anapigiwa makofi. Kisha anapangiwa parokia nyingine. Waliosimama nyuma yake wanabaki palepale, na yule waliyemkasirisha yuko palepale. Na katika madhabahu moja wanakomunika watu wa vyama vyote. Ukiwapa sababu ya kuhesabiana, ibada inaisha.

Mleta mada

Mwalimu, heshima yako. Namba hiyohiyo ya 28 inaendelea kusema kwamba Kanisa haliwezi wala halipaswi kubaki pembeni katika kupigania haki. Namba 29 inaikabidhi kazi ya kujenga jamii yenye haki kwa walei moja kwa moja. Kanuni ya 287 inawahusu makleri, tena imeacha nafasi pale ambapo mamlaka husika ya Kanisa inaona haki za Kanisa au manufaa ya wote yanalazimu. Inayotuhusu sisi sote ni kanuni ya 222: waamini wana wajibu wa kuendeleza haki ya kijamii na kuwasaidia maskini kwa mali zao wenyewe. Vyote viwili vimo katika kifungu kimoja.

Hoja yako kuhusu paroko kuhama ndiyo sababu nataka kazi hii ishikwe na walei. Frédéric Ozanam alikuwa mlei. Mwaka 1833, Paris, akiwa mwanafunzi, yeye na wenzake walianza kutembelea maskini majumbani, na hapo ndipo kilipozaliwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Mwaka 1848 mtu huyohuyo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa gazeti, akaandika humo juu ya hali ya maskini wa mji ule. Hakuona kwamba kalamu inaisaliti ile ziara.

Kuhusu mimbari tuko pamoja: jina la mgombea lisitajwe pale, kwa sifa wala kwa lawama.

Mjumbe wa kamati ya fedha

Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni fedha. Mwenye nyumba anayetoa notisi na mwajiri anayezuia mishahara mara nyingi ni waumini wetu, na ndio wageni rasmi wa siku ya mnada wa parokia. Mtu akishatoa mchango wa paa mbele ya umati, akapewa kipaza sauti, akapigwa picha na kwaya, nani ataisaini hiyo barua? Sijaona kanuni iliyowanyamazisha watu kama paa linavyowanyamazisha.

Pendekezo langu: mchango upokewe bila kipaza sauti. Gharama za huruma na haki zitoke katika bajeti ya kawaida ya parokia, katika sadaka ndogondogo za wengi. Na hesabu zisomwe. Kanuni ya 1287 inataka waamini wapewe taarifa ya mali walizolitolea Kanisa, kwa utaratibu uliowekwa mahali husika, na kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa kwa kusudi maalumu itumike kwa kusudi hilo tu. Msizungumzie haki mjini kabla hamjalipa ujira halali wa mlinzi wa parokia na mpishi wa nyumba ya mapadre.

Mama mtembelea kaya

Nimewasoma wote na kuna mtu hamjamtaja: mwenye shida mwenyewe.

Ninachoambiwa nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda cha mgonjwa nimeaminiwa mimi. Hakijawa ushahidi wa barua ya mtu. Mwanakamati mmoja, kwa nia njema kabisa, aliwahi kueleza kikaoni habari za familia niliyokuwa naitembelea. Habari zilimfikia mwenye nyumba, na familia ile ikahama usiku. Majirani zao waliacha kunifungulia mlango. Kwa hiyo, mleta mada, neno lako la shahidi nalikubali kwa sharti: asiseme mtu lolote mpaka aliyeumizwa aseme ndiyo, na aelezwe kwanza anachoweza kupoteza.

Soma Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kigiriki walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuita manung'uniko yale siasa. Waliwaambia waumini wachague watu saba, na majina ya wale saba yote ni ya Kigiriki: kazi iliwekwa mikononi mwa upande uliolalamika. Sasa niambieni, katika kamati zenu za huruma, ni wangapi wamewahi kusimama kwenye ile foleni?

Mleta mada

Mama, sharti lako naliingiza kwenye pendekezo kama lilivyo, pamoja na hilo la kamati: nusu ya wajumbe wawe watu waliowahi kuhudumiwa, na barua yoyote ianze kusomwa kwao kabla ya halmashauri. Ndugu wa fedha, suala la mlinzi na mpishi liwe ajenda ya kwanza.

Katekista mstaafu

Kwa utaratibu huo naweza kuketi na ninyi, ingawa bado nina hofu. Nijibuni hili: barua imeandikwa, wenye shida wameridhia, paroko ameiona, imepelekwa, haikujibiwa. Mtafanya nini?

Mama mtembelea kaya

Mwalimu, tutarudi kwanza kwa wale waliotutuma. Tutawauliza kama wanataka twende ofisini nao, wangapi wataweza kwenda, na nani atakaa na watoto siku hiyo.