Naomba ushauri: tela la boti ya futi 15, Dodoma hadi bwawa la Mtera

Wakuu, boti ni ya faiba, injini HP 25. Pamoja na mafuta na nanga inafika kama kilo 400. Itavutwa na pikapu.

Tela la ekseli moja lenye kikomo cha kilo 750 naona linatosha, kilo 40 hadi 55 zikae kwenye ndoano. Pungufu ya hapo litayumba.

Kinachonitatiza ni vya kulalia boti. Roli za mpira zinaishusha kirahisi maji ya Mtera yakirudi nyuma, ila zinakandamiza faiba sehemu chache. Mbao zilizovikwa zulia zinagawa uzito vizuri, lakini lazima tela lizame zaidi. Likizama hivyo, beringi ya gurudumu iliyopata moto njiani ikiguswa na maji baridi inayafyonza, grisi inakuwa nyeupe, kutu inafuata.

Mngechagua roli au mbao? Na fundi wa fremu iliyochovywa zinki Dodoma yupo, au ni rangi tu?