Wauza RAM, acheni kuuza "8GB ya laptop" kama mnapima sukari

Wakuu, hili limezidi. Mteja anakuja na laptop ya HP EliteBook 840 G1 ya mtumba yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya 4GB, hela yenyewe ya kuungaunga. Muuzaji haulizi modeli, hafungui mfuniko, anachomoa kipande kwenye droo: "Hii 8GB, inaingia zote." Zote zipi?

840 G1 ina prosesa ya gen (kizazi) ya 4 ya Intel. Inataka RAM aina ya DDR3L, yaani DDR3 ya umeme mdogo wa volti 1.35, stika yake inaandikwa PC3L-12800S. Mnampa PC3-12800S, DDR3 ya kawaida ya volti 1.5. Inakaa kwenye sloti vizuri tu, maana zote zina pini 204 na pengo liko palepale, lakini akiwasha anapata skrini nyeusi. Halafu mnamwambia mazabodi imekufa! DDR4, aina iliyofuata, ina afadhali, pini zake 260 na pengo halikutani, labda aje fundi wa kulazimisha mpaka avunje sloti.

Sasa njooni kwenye chipu. 8GB ya kuingia gen ya 4 huandikwa 2Rx8 (safu mbili za chipu) na huwa na chipu 16, nane kila upande. Ukipewa "8GB" ya DDR3L yenye chipu nane tu, ama ni 4GB iliyobandikwa stika mpya, ama ina chipu za gigabiti 8 kila moja ambazo prosesa za gen ya 4 kurudi nyuma hazizisomi. Vyovyote vile umepigwa. Na chipu 16 peke yake si ushahidi, zipo 4GB za zamani za chipu 16. Iwashwe hapohapo dukani, fungua programu ya CPU-Z, sehemu ya SPD (taarifa za kila kipande), usome ukubwa wa kila sloti.

Mwenye bajeti finyu asikubali kuambiwa atoe iliyopo. Kama una 4GB kwenye sloti moja na nyingine iko wazi, ongeza 4GB ya aina ileile. Unapata 8GB za njia mbili (prosesa inatumia vipande vyote viwili kwa pamoja) kwa hela ndogo, na grafiki za ndani ya prosesa zinachangamka zaidi kuliko ukiweka 8GB moja. Task Manager, Performance, Memory itakuonyesha sloti, ila usiiamini kipofu: ThinkPad T440 ina 4GB iliyochomelewa kwenye bodi na sloti moja tu, T440p ndiyo yenye mbili. Wauzaji wanazichanganya kila siku. Na anayekuuzia 8GB huku Windows yako ni ya biti 32 anajua fika kuwa haitavuka 4GB.

Kufunga si kazi ya kutoza hela ya ajabu. Zima, chomoa chaja na betri, ingiza kwa mshazari mpaka pini za dhahabu zikaribie kufichwa, kandamiza chini mpaka klipu zilie pande zote mbili. Isipowaka, safisha dhahabu kwa ufutio laini na urudie kabla ya kulaumu kitu kingine.

Tunachotaka ni kidogo: risiti iandikwe namba kamili ya kwenye stika, siyo "RAM 8GB", na MemTest86 (programu ya kupima RAM) ikitoa mistari myekundu ya makosa mteja arudishiwe hela yake. "Ukishatoka mlangoni basi" siyo warantii.